Uso wa Mashine na Haki ya Mzee Aliyesahau

Uzee ni neema ambayo kila mtu huiomba, na wachache huifurahia wakiipata. Hutamaniwa kwa mbali na kuogopwa kwa karibu. Miguu hupungua nguvu, macho hufifia, masikio huwa mazito. Lakini hasara hizi mzee huweza kuzistahimili maadamu anajijua yeye ni nani, na walio mbele yake ni nani. Iko hasara moja inayozizidi zote, nayo ni kupotewa na kumbukumbu. Aliyepotewa na mali bado anajua kuwa alikuwa tajiri, na aliyefiwa na mwana bado analijua jina la anayemlilia. Aliyepotewa na kumbukumbu hana hata faraja hiyo. Huzuni yake hubaki moyoni bila ya jina, kama mgeni aliyeingia nyumbani usiku na hapana ajuaye ametoka wapi.

Maradhi haya waganga huyaita dimensia. Aina yake iliyoenea zaidi imepewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeueleza ugonjwa huo mbele ya wenziwe mwaka 1906. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa nayo mwaka 2021, na kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa hao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Si uchawi, wala si laana, wala si jambo ambalo kila mzee hana budi kulifikia. Ni ugonjwa wa ubongo kama kifua kikuu kilivyo ugonjwa wa mapafu. Hata jina lake lina uzito katika mizani ya haki. Mwaka 2004 serikali ya Japani iliacha neno la zamani la ugonjwa huu, kwa kuwa lilibeba maana ya upumbavu, ikachagua neno jipya lenye maana ya maradhi ya utambuzi. Taifa lililofanya hivyo lilikiri kwamba mgonjwa aliyesahau jina lake bado anastahili jina jema.

Ni taifa hilo hilo lililotangulia katika jambo linalozungumzwa hapa. Zaidi ya robo ya watu wa Japani wamepita umri wa miaka 65. Tangu mwaka 2000 nchi hiyo ina bima ya kutunza wazee, lakini bima hulipa fedha, na fedha haigeuki kuwa mikono pasipo watu. Watoto ni wachache, watunzaji ni haba, na nyumba za wazee zimejaa. Katika upungufu huo ilizaliwa fikira ya kumweka mzee pamoja na mashine: yenye kichwa, macho na mikono, yenye kusalimu na kuitika, isiyolala wala kudai mshahara. Fikira hiyo imevuka bahari, na leo inajaribiwa Ulaya, Marekani na Australia. Basi swali limesimama mlangoni na linataka jibu. Je, ni haki kumpa mzee aliyesahau mashine yenye sura ya mtu iwe mwenziwe?

Kabla ya kuhukumu yafaa kumjua anayehukumiwa. Neno roboti lilitokea katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uliochapishwa mwaka 1920. Lilitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliijua kwa jina la shokoa. Tangu kuzaliwa kwake, basi, roboti ni mtumishi asiyeulizwa ridhaa yake. Miongoni mwa roboti zilizopelekwa kwa wagonjwa wa usahaulifu, iliyotangulia kupata sifa haina sura ya mtu. Inaitwa Paro, nayo ina umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, na manyoya meupe. Mtaalamu wa Japani, Takanori Shibata, alianza kuitengeneza mwaka 1993. Ikipapaswa hufumba macho na kulia kwa sauti nyororo. Sili alichaguliwa kwa hekima: wazee wengi hawajapata kuishi na sili, kwa hiyo hawana cha kulinganisha, na mashine haishindwi kufanana na kitu wasichokijua.

Mwaka 2014 kampuni ya SoftBank ilitoa roboti nyingine, Pepper, yenye kimo cha sentimita 120, macho makubwa, mikono yenye vidole, magurudumu mahali pa miguu na kioo cha kugusa kifuani. Hii ilikusudiwa kuzungumza. Humtazama mtu usoni, humsalimu, huimba, huongoza mazoezi ya viungo. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020, lakini njia iliyoifungua haikufungwa. Iko na ya tatu, Telenoid, iliyotolewa mwaka 2010 na Hiroshi Ishiguro wa Osaka. Umbo lake ni la mtu aliyefutwa alama zote: si mwanamume wala si mwanamke, si mzee wala si kijana, mikono mifupi na miguu haina. Haisemi kwa akili yake. Mtu aliyeketi mahali pengine husema, na sauti yake hutoka katika mwili huo mdogo uliopakatwa na mzee. Roboti hizi tatu zafaa kukumbukwa kwa mpango: ya kwanza haina uso wa mtu, ya pili ina uso na nyuma yake hapana mtu, ya tatu ina uso na nyuma yake yuko mtu.

Utendaji wa ile ya pili si siri. Kamera huchukua sura ya aliye mbele, vinasa sauti huchukua maneno yake, na programu hulinganisha yote hayo na mifano mingi iliyolishwa, kisha huchagua jibu lililo karibu kufaa. Tangu miaka ya 2020 akili mnemba imeongeza ufasaha wa majibu hayo, hata mtu mzima mwenye akili timamu huweza kuzungumza nayo muda mrefu bila ya kuchoka. Ikisema imefurahi kukuona, maneno ya furaha yamo, lakini furaha haimo, maana hakuna kitu ndani yake ambacho kingehuzunika kama usingekuja.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na si insafu kuzipita kwa dharau. Hoja ya kwanza ni subira. Mgonjwa wa usahaulifu huweza kuuliza swali moja mara arobaini kwa siku moja. Binti mwema hujibu mara ya kwanza kwa upole, mara ya kumi kwa uchovu, na mara ya ishirini kwa ukali ambao usiku utamliza mwenyewe. Mashine hujibu mara ya arobaini kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba jamaa na marafiki wanaowatunza wagonjwa hawa hutumia wastani wa saa tano kila siku, na kwamba asilimia 70 ya saa za utunzaji hutolewa na wanawake. Saa hizo hutolewa katika usingizi, katika kazi, katika ndoa na katika afya ya mtunzaji. Ni rahisi kwa mwanachuoni aliyelala usiku kucha kuikataa mashine kwa jina la utu, na kumwachia mwanamke aliyekesha gharama ya maneno yake mazuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hoja ya pili ni ushahidi wa majaribio. Mwaka 2017 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya jaribio kubwa la Paro, lililowahusisha wagonjwa 415 katika nyumba 28 za wazee. Kundi moja lilipewa mashine hai, la pili lilipewa sanamu ile ile ya manyoya iliyozimwa, la tatu liliendelea na utunzaji wa kawaida. Waliopewa mashine hai walionyesha raha zaidi, na mahangaiko kidogo zaidi, kuliko walioachwa katika hali ya kawaida. Lakini mashine hai ilipolinganishwa na sanamu iliyozimwa, tofauti ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa: iliwafanya wazee waseme na kutazama zaidi, na hayo tu. Matokeo haya yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba faraja ya mzee ni ya kweli, na mtu asithubutu kuikana. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya faraja hiyo ilitoka katika jambo la kale sana, yaani kupata kitu laini cha kupakata. Kabla ya kuisifu akili ya mashine, yafaa kuuliza ni siku ngapi zilizopita mikono ile ya mzee bila ya kushikwa na mtu.

Wanaoipinga nao wana hoja yao, na iliyo mashuhuri ni ya udanganyifu. Mwanafalsafa Robert Sparrow wa Australia aliandika mwaka 2002 kupinga wanyama wa mashine kwa wazee, na mwaka 2006 akaendelea na hoja hiyo juu ya utunzaji wote. Kwa maoni yake, mtu hufaidika na upendo wa mashine kwa sharti kwamba ajidanganye juu ya hali yake, na faida iliyojengwa juu ya kujidanganya si faida. Tom Kitwood wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya utu wa wagonjwa hawa, aliuhesabu udanganyifu miongoni mwa matendo yanayoubomoa utu wa mgonjwa, hata pale anayetenda hana nia mbaya. Na hatari yenyewe ilionekana zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa Chuo cha MIT cha Marekani, alitoa programu iitwayo ELIZA, iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Alishangaa kuona watu waliojua kwamba ni programu tupu wakiifungulia mioyo yao kana kwamba iliwaelewa. Ikiwa mwenye akili timamu alinaswa na maandishi makavu, mgonjwa ataokokaje mbele ya macho yanayomfuata kila ageukapo?

Hoja ya udanganyifu ina nguvu, walakini haitoshi kuikata kesi. Katika nyumba moja ya wazee huko Benrath, mjini Düsseldorf, Ujerumani, kiliwekwa kituo cha basi ambacho hakuna basi linalosimama. Wagonjwa wa usahaulifu walikuwa wakitoka kutafuta njia ya kurudi kwao, kwenye nyumba walizoziacha miaka mingi au kwa wazazi waliokwisha kufa, nao hupotea mjini. Kibao cha kituo wanakikumbuka, kwa maana kumbukumbu za zamani huchelewa kufutika. Basi huketi kwenye benchi kungoja. Kituo kile ni uongo wa chuma na rangi. Lakini baada ya kitambo mtunzaji hutoka, huketi na mzee, humwambia kwamba basi limechelewa, humkaribisha ndani kwa kahawa. Mara nyingi ile haja ya kuondoka huwa imekwisha pita. Wachache watamhukumu mtunzaji yule kuwa ni mwongo mwovu. Binti anayemwambia mama yake kwamba baba atarudi baadaye, badala ya kumpa habari ya msiba ule ule kila asubuhi na kumliza upya, naye hutenda kwa huruma.

Basi kama udanganyifu peke yake ndio ungekuwa kosa, kituo cha Düsseldorf na mashine ya Japani vingehukumiwa sawa. Dhamiri haikubali hukumu hiyo, na ni lazima iwepo sababu. Sababu ni yule anayekuja kuketi kwenye benchi. Uongo wa kituo humleta mtu karibu na mtu. Aliyeutunga anabaki kuujibia: anamwona mzee akingoja, anaona haya kidogo, anautumia kwa kipimo, na kesho atauacha ukiwa unamwumiza. Uongo wa mashine, ukitumiwa kama mara nyingi unavyokusudiwa, humruhusu mtu aondoke chumbani. Hapana anayeona haya, kwa sababu hapana aliyepo.

Hapa ndipo sura ya mtu inapoleta neno zito zaidi kuliko sura ya sili. Fimbo humtegemeza mzee bila ya kumwahidi kitu. Miwani haisemi kwamba inampenda. Uso hutoa ahadi. Macho yakikutazama yanakuarifu kwamba yuko mtu anayekuona; jina lako likitamkwa linakuarifu kwamba yuko anayekujali; mkono ukinyoshwa unakuarifu kwamba ukianguka yuko atakayeumia nawe. Mtoto mchanga huisoma ahadi hiyo kabla hajajua neno lolote, na mzee aliyesahau maneno yote bado huisoma. Aliyeitengeneza mashine kwa uso wa mtu aliuchagua uso kwa ajili ya ahadi hiyo hiyo, kisha akauweka mahali ambapo hapana wa kuitimiza. Huo ni mfano wa hawala iliyoandikwa juu ya hazina tupu.

Itasemwa kwamba mgonjwa hajui. Kama hajui kwamba hazina ni tupu, na kila siku anaipokea hawala kwa furaha, amepungukiwa na nini? Swali hili ni gumu, lakini desturi za watu zimekwisha lijibu kwa matendo. Mtoto yatima aliyeliwa urithi wake akiwa matitini hajui kwamba ameibiwa. Akikua bila ya kuambiwa, hatajua mpaka kufa. Hata hivyo hapana kadhi wala hakimu atakayesema hakudhulumiwa. Maiti hajui kama ameoshwa au hakuoshwa, amesitiriwa au ameachwa wazi. Hata hivyo watu huacha kazi zao kwenda kumwosha na kumsitiri, na mtaa unaomtupa maiti wake hujulikana kuwa umeharibika. Haki ya mtu haipimwi kwa kiasi cha anachojua. Wasiojua ndio wanaohitaji zaidi watu wenye kujua kwa niaba yao.

Kujua kwa niaba ya aliyesahau ndiko kiini cha wajibu wote huu. Chukua mfano wa mama mmoja aliyekuwa mkunga kijijini. Alipokea watoto mia, alivuka mito usiku, alikosana na mumewe akapatana naye, alimzika mwana wake wa pili na hakupenda kutaja habari zake. Leo yote hayo yamemtoka. Je, yamekuwa hayakuwa? La. Yamehamia kwa wengine. Binti yake, jirani yake, na wale aliowapokea wakizaliwa wanayachukua, na kila mmoja akija kuketi naye anamrudishia sehemu ya nafsi yake kwa namna anavyomtazama. Mgonjwa aliyepotewa na habari za maisha yake bado ana mashahidi. Wakimwacha mashahidi hao, ndipo anapopotea kweli.

Mashine huweza kuwekewa habari zote hizo na isisahau hata moja. Mradi wa CARESSES, uliofanywa kwa ushirikiano wa Ulaya na Japani kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, ulijaribu hata kuifundisha Pepper mila za wazee wa Kiingereza, wa Kihindi na wa Kijapani, ili imsemeshe kila mmoja kwa adabu za kwao. Jitihada hiyo ni njema. Inakiri kwamba mzee si mwili mtupu wa kulishwa na kuoshwa. Lakini kuhifadhi ni jambo moja na kukumbuka ni jingine. Daftari la duka huhifadhi deni. Mdaiwa ndiye anayelikumbuka. Binti huukumbuka mgongo uliombeba, na kumbukumbu hiyo inamdai kitu. Mashine haikubebwa na mtu, haikuchelewesha usingizi wa mtu, haidaiwi na mtu. Inajua kwamba mama alikuwa mkunga, na kujua huko hakuilazimishi neno lolote. Shahidi asiye na deni wala hofu ya kusema uongo ni karatasi.

Yako pingamizi moja zaidi, nayo haifai kukimbiwa. Mtunzaji wa mshahara naye hakubebwa na mzee yule, na wako watunzaji wakali, na wako watoto wapigao wazazi wao. Je, si heri mashine isiyopiga? Ni heri, kama mashine ni heri kuliko mlango uliofungwa kwa nje. Anayezama hachagui ubao. Lakini kutokuwa na ukatili si wema. Jiwe nalo halina ukatili. Mtunzaji wa mshahara huweza kulaumiwa, kuaibika, kutubu, na kwa muda akampenda mzee asiyekuwa wake, kama wanavyofanya wengi bila ya kutajwa. Milango hiyo yote ya utu iko wazi kwake, na kwa mashine hakuna mlango. Nyumba inayoipokea mashine kwa sababu ya dhiki haina lawama, ilimradi ijue kwamba imeahirisha deni, na deni lililoahirishwa halijalipwa.

Kutokana na hayo hukumu inaweza kutolewa pasipo kuilaani mashine wala kuiabudu. Waswahili husema mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ni kitu chema, lakini haijapata kuonekana nyenzo inayosukuma gogo hali msukumaji amekwenda zake. Mashine ikiwa nyenzo mikononi mwa mtu ni halali kwa mzee. Ikiwa naibu wa mtu asiyekuwapo, inamdhulumu. Mambo yenyewe yameanza kushuhudia hivyo. James Wright, mtafiti aliyeishi na watunzaji wa nyumba moja ya wazee nchini Japani na kuandika kitabu mwaka 2023, aliona kwamba Pepper ilipoongoza mazoezi, ilimbidi mtunzaji asimame kando yake na kuiga kila mwendo ili wazee wafuate. Kazi iliyotarajiwa kupungua iliongezeka. Wanaohesabu faida wataona kushindwa katika habari hiyo. Mwenye kutafakari ataona kwamba wazee wale, pamoja na maradhi yao, walimfuata mtu. Telenoid nayo, ijapokuwa umbo lake ni la ajabu, ina haki zaidi kuliko nyuso nyingi nzuri, kwa kuwa mwana aliye mbali huweza kusema kwayo, na ahadi ya uso ule ina wa kuitimiza.

Kipimo basi ni kimoja, na kila nyumba huweza kukitumia: mashine iingiapo chumbani, mtu husogea karibu na mzee au huondoka? Kipimo hicho huzaa masharti machache. Mgonjwa aulizwe mapema, wakati akili yake ingali na nuru, kama angependa kitu hicho au angekichukia, na jibu lake lishikwe kama wasia. Akiuliza kama aliye mbele yake ni mtu, asijibiwe kwamba ni mtu. Maneno yake, ambayo mashine huyanasa pamoja na siri zake, yawe amana na yasiuzwe. Na saa ambazo mashine imempunguzia mtunzaji, sehemu yake irudi kwa mzee: mtu aliyepata usingizi kwa sababu ya mashine aamke akae naye. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wenye nyumba za wazee hupenda kuzihesabu saa hizo katika faida.

Msomaji wa Afrika Mashariki asione kwamba kesi hii ni ya nchi za mbali. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa katika miaka ya 2010, ulikuta ugonjwa huu kwa watu wapatao 6 katika kila 100 waliotimiza miaka 70. Huko mtunzaji ni jamaa, na mkono mmoja haulei mwana wala haulei mzee. Ni halali kujivunia desturi hiyo, ila majivuno yana mtego wake. Uko uwezekano wa mzee kuketi uani tangu asubuhi hadi magharibi, watu kumi wakipita mbele yake, akipewa chakula kwa saa yake, akioshwa kwa saa yake, na asiambiwe neno lolote kwa sababu imesemekana kwamba hafahamu tena. Pako pia ambapo usahaulifu wake umeitwa uchawi, na jamaa zake wenyewe wakawa wa kwanza kumwogopa. Aliyezungukwa na watu wa namna hiyo amekwisha kabidhiwa kwa mashine, ingawa mashine zenyewe zina damu na majina ya ukoo.

Hiyo ndiyo faida ambayo roboti imewaletea wanadamu kabla ya kuwaletea nyingine yoyote. Imewalazimisha kuuliza ni sehemu gani ya wema wao ambayo kifaa hakiwezi kuifanya. Kulisha kitaweza, kukumbusha dawa kitaweza, kujibu mara ya arobaini bila ya hasira kimekwisha weza. Kubaki chumbani kwa hiari, huku kukiwa na mahali pengine pa kwenda, hakitaweza, maana hakina mahali pengine. Mzee aliyesahau kila kitu anadai kitu hicho kimoja, na hana ulimi wa kukidai. Ni juu ya wenye ulimi na kumbukumbu kumlipa kabla hajaondoka.